Upepo Ukikaza, Nani Aamue: Nahodha au Kamati?

Tarehe 24 Septemba 1988, nje ya Pusan, Korea Kusini, mashua ndogo za tanga za Olimpiki zilikuwa mashindanoni kwenye upepo wa noti 15 hivi. Noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa, kwa hiyo huo ni kama kilomita 28 kwa saa, upepo wa kumfurahisha baharia yeyote. Haukukaa hapo. Ulipanda hadi noti 35. Ukitazama namba peke yake utadhani upepo umeongezeka mara mbili na kidogo, lakini msukumo wa upepo kwenye tanga hufuata mraba wa kasi yake: kasi ikiwa mara 2, msukumo ni mara 4. Kutoka noti 15 hadi 35 ni zaidi ya mara 5, na tanga ni lilelile, mikono ni ileile.

Lawrence Lemieux wa Canada alikuwa peke yake ndani ya mashua ya daraja (yaani aina) la Finn, yenye urefu wa mita 4.5, akishika nafasi ya pili. Karibu na hapo, kwenye mbio za daraja la 470, mabaharia wawili wa Singapore, Joseph Chan na Siew Shaw Her, walikuwa wamepinduka. Mmoja ameng'ang'ania mashua, mwenzake anachukuliwa na mkondo. Lemieux aliacha njia yake, akawaopoa wote wawili, akakaa nao hadi boti ya jeshi la majini la Korea ilipofika kuwachukua, ndipo akarudi mbioni. Alimaliza wa 22. Majaji wakamrudishia nafasi ya pili katika mbio hizo, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikamtunuku nishani ya Pierre de Coubertin.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha utu, na kweli ni cha utu. Lakini tangu nilipokijua kwa undani kinanisumbua kwa namna nyingine. Ilikuwaje, katika mashindano makubwa kuliko yote duniani, mtu wa karibu zaidi wa kuwaokoa waliokuwa wakizama awe mshindani mwenzao? Hapo ndipo unapoanza mvutano uliowagawa watu wa mchezo huu hadi leo: upepo ukikaza, aamue nani kama watu watoke au wasitoke?

Kanuni za kimataifa za mashindano ya tanga zina jibu fupi. Zinasema jukumu la kuamua kushiriki au kuendelea na mbio ni la mashua yenyewe peke yake, yaani la nahodha. Kamati ya mashindano ina uwezo wa kuahirisha au kufuta mbio kwa kupandisha bendera, lakini uamuzi wa mtu kuingia majini ni wake. Kuna wanaotaka msimamo huo ubaki hivyohivyo, na kuna wanaotaka kila mashindano yawe na kikomo cha upepo kilichoandikwa: ukifika noti kadhaa, hakuna mbio.

Hoja ya kundi la kwanza si ya kiburi, kama wengine wanavyoisema. Chukua daraja la ILCA 7, ambalo kwa miaka mingi lilijulikana kama Laser. Mashua zote ni sawa: urefu mita 4.23, uzito kama kilo 59, tanga la mita za mraba 7.06. Kinachotofautiana ni mtu aliye ndani. Upepo mwepesi humpendelea mwenye mwili mdogo. Upepo mkali humpendelea mzito, mwenye mapaja na tumbo la kuning'inia nje ya ukingo upande wa joshini, yaani unakotoka upepo, mbio nzima bila kulegea. Paul Elvstrøm wa Denmark, aliyetwaa dhahabu 4 za Olimpiki mfululizo kuanzia 1948 hadi 1960, alikuwa na benchi maalumu la kufanyia mazoezi ya kuning'inia akiwa nchi kavu. Alijenga mwili wake kwa ajili ya siku ambazo wenzake walikuwa wanaomba zisifike. Kamati inayofuta kila siku ya upepo wa zaidi ya noti 20 haijakaa katikati. Imemchagua bingwa wake kabla hata mashua hazijashushwa majini.

Kisha kuna ufundi ambao haupatikani pengine popote. Mtazame mtu anayekimbia na upepo mgongoni kwenye noti 25, anakaribia boya na hana budi kuhamisha tanga kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Akili ya mgeni inamwambia apunguze mwendo kwanza. Mjuzi hufanya kinyume: husubiri mashua iwe inateleza kwa kasi yake ya juu kabisa, kwa sababu mashua ikikimbizana na upepo, upepo unaofika kwenye tanga hupungua. Hapo ndipo huvuta kamba ya demani, ile inayoongoza tanga, kwa nguvu, akainama mti wa tanga upite juu ya kichwa chake, na papo hapo akarudisha usukani upande wa pili kidogo kuizuia mashua isigeukie upepo. Akichelewa nusu sekunde, yuko majini. Hakuna darasa la kumfundisha mtu hilo isipokuwa upepo wenyewe. Anayezuiwa kila siku asilijaribu atakutana nalo siku moja bila kutaka, mbali na pwani, na hapo hatakuwa na boti ya kamati pembeni.

Kwa hiyo nawaelewa. Hata hivyo wanaegemea kitu kimoja ambacho sikioni kuwa kweli, nacho ni kwamba nahodha yuko huru kuamua.

Kwanza, uhuru wake mkubwa kuliko wote ameshanyang'anywa. Mvuvi wa ngalawa anapoona upepo wa kusi umezidi, hupunguza tanga au hufunga dogo zaidi, akaendelea na safari. Ndiyo kinga ya kale kuliko zote baharini. Katika mashua hizi za mashindano, kanuni za daraja zinamfunga: tanga ni la ukubwa mmoja, katika noti 5 na katika noti 30. ILCA ina matanga ya aina tatu yanayofungwa kwenye mashua ileile, mita za mraba 7.06, 5.76 na 4.7, lakini kila moja ni daraja lake, na kwa kawaida mshindani hahami daraja katikati ya mashindano kwa sababu leo upepo umekuwa mkali. Mchezo umemwondolea nahodha njia ya kati, ukamwachia mbili tu: atoke na tanga zima, au abaki ufukweni. Waliomwondolea njia hiyo hawawezi kusema kwamba yanayofuata hayawahusu.

Pili, kubaki ufukweni kuna gharama, na gharama hiyo haiwi sawa siku zote. Katika mfumo wa kawaida wa pointi, mwenye pointi chache ndiye mshindi. Asiyetoka hupewa pointi sawa na idadi ya walioandikishwa kuongeza moja. Mashindano mengi humruhusu mtu kufuta matokeo yake mabaya kuliko yote. Pusan, kwa mfano, kulikuwa na mbio 7 na zilizohesabiwa ni 6 bora. Maana yake mwanzoni mwa juma baharia aliyeona bahari imechafuka angeweza kubaki, akaifuta siku hiyo, na ubingwa ukabaki mikononi mwake. Lakini kama alishaitumia nafasi hiyo, na leo ni siku ya mwisho, na anayemfuata kwa pointi 2 tayari anashusha mashua majini, nani amwambie kwamba uamuzi ni wake? Atatoka. Kila mshindani wa kweli angetoka. Tunampa uamuzi mtu mwenye sababu nyingi kuliko wote za kuamua vibaya.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote kwangu, hesabu ya mtu mmoja si hesabu ya kundi. Baharia hodari akipinduka hupanda juu ya ubao wa kati uliochomoza chini ya mashua, akaegemea nyuma, tanga likainuka, akaingia ndani akaendelea. Dakika moja, mbili. Hilo halimtishi mtu. Akipinduka mara ya nne au ya tano, mikono haishiki tena vizuri, na mashua aliyoinyanyua mwanzoni kwa urahisi inakataa. Katika mashua za watu wawili, baharia anayening'inia kwa waya kutoka mlingotini anaweza kunaswa kwa ndoano yake chini ya tanga mashua ikigeuka juu chini. Ndiyo maana siku hizi zinatakiwa ndoano zinazofunguka kwa kuvutwa mara moja. Sasa weka mashua 60 majini, upepo ukapanda ghafla, 20 zikapinduka kwa pamoja, na boti za uokoaji ni 4. Kila nahodha aliamua kwa kipimo cha uwezo wake mwenyewe, na huenda kila mmoja alipima sawasawa. Hakuna hata mmoja aliyeweza kupima kwamba wenzake 19 wangekuwa wanaitaka boti ileile katika dakika ileile. Hiyo ni hesabu ya kamati, na kamati pekee ndiyo inayoweza kuipiga.

Je, basi tuandike kikomo cha noti tumalize? Hapana, na hapa naachana na kundi la pili pia. Namba hiyo hudanganya. Wastani wa noti 18 wenye mikupuo ya 30 ni hatari kuliko noti 24 zilizotulia. Upepo unaokabiliana na mkondo wa maji husimamisha mawimbi mafupi, yenye miinuko mikali, ambayo hungeyaona kama mkondo ungekuwa unakwenda na upepo. Upepo unaotoka nchi kavu ni mwongo zaidi: ufukweni maji yamelala, watu wanacheka, na kila anayepinduka anasukumwa kwenda bahari kuu. Upepo huohuo ukitoka baharini humsukuma ufukweni.

Baada ya Andrew Simpson wa Uingereza, bingwa wa Olimpiki wa 2008, kufariki mazoezini tarehe 9 Mei 2013 katika ghuba ya San Francisco, waandaaji wa Kombe la Amerika, mashindano maarufu ya mashua za tanga, walishusha kikomo cha upepo kutoka noti 33 hadi 23 kwa fainali za mwaka huo. Zile zilikuwa mashua kubwa mno, si kama hizi. Ninachokithamini pale ni kwamba hata namba ile haikuachwa peke yake: ilipandishwa au kushushwa kulingana na mkondo wa maji wa saa ile. Mbio ziliahirishwa zaidi ya mara moja watu wakiwa wamejaa pwani wanasubiri. Wengi walinung'unika. Mimi naona walifanya sawa.

Kipimo ninachokitaka mimi kianzie upande mwingine kabisa, upande wa boti za uokoaji. Kabla ya bendera ya kuanza, ofisa wa mashindano ajiulize: mashua ngapi zinaweza kupinduka kwa pamoja leo, kwenye bahari hii, kwa mabaharia hawa? Nina boti ngapi zenye injini, na ya mbali kabisa itamfikia mtu kwa dakika ngapi? Kwa mabingwa 25 wenye boti 8, noti 28 ni siku nzuri ya mashindano. Kwa wanafunzi 40 wenye boti 2, noti 15 zinatosha kurudisha kila mtu ufukweni. Na gharama ya kurudi ipunguzwe: nafasi ya kufuta matokeo mabaya isiishe kabla ya siku ambayo utabiri unasema ni ya upepo mkali. Kanuni zinamlazimu kila mashua kumsaidia aliye hatarini na zinamrudishia pointi aliyepoteza nafasi kwa kufanya hivyo, kama Lemieux alivyorudishiwa. Aliyewahi kuona umuhimu wa kumfidia anayemwokoa mwenzake anaweza pia kuona umuhimu wa kutomwadhibu mno anayejiokoa mwenyewe.

Kuhusu watoto sina pande mbili za kupima. Mtoto wa miaka 12 anatoka kwa sababu kocha yuko pale na rafiki yake ameshatoka. Kwao kamati iamue yote, mapema, na bila kuwauliza.

Nayasema haya nikiwa na pwani yetu akilini. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Hizo ni noti 21 na ushei, na katika miezi ya kusi si jambo geni. Mashindano ya ngalawa na mashua yanaendelea kuvutia watu kuanzia Lamu hadi Unguja, na manahodha wake wanajua bahari kuliko maofisa wengi wa Ulaya. Ujuzi wao hauna shaka. Lakini nahodha hodari wa ngalawa naye anapinduka, mabaharia wake nao wanahitaji kufikiwa, na siku ya sikukuu, ngoma zikipigwa na zawadi ikiwa mezani, naye hayuko huru kuliko bingwa wa Olimpiki. Wanaoandaa waanze na boti za injini, wazihesabu na wazijaribu asubuhi ileile. Kila anayetoka aandikwe jina na kila anayerudi afutwe, ili jioni ijulikane kama kuna aliyebaki majini. Na mamlaka ya kusimamisha mbio apewe mtu mmoja anayejulikana na wote, asiwe mdhamini wala mgeni rasmi, na mbio zikiendelea awe ndani ya boti, si jukwaani.