Hospitali ya kitaifa ya watoto: hoja ya wanaotaka ijengwe palipobanana

Kila mjadala kuhusu hospitali ya kitaifa ya watoto ukifika upande huu wa magharibi mwa Kenya hugeuka upesi kuwa mjadala wa mashamba: nani ana ekari ngapi, ziko wapi, barabara kuu inapita umbali gani. Mtu wa Nakuru atasema jiji lake liko njia panda ya kila msafiri, na kwamba hospitali yake ya Level 5, kiwango cha rufaa cha kaunti, tayari ina jengo la Margaret Kenyatta la mama na mtoto. Wa Kakamega ataonyesha hospitali ya rufaa iliyoanzwa enzi za Gavana Wycliffe Oparanya ikakwama, aulize kuna haja gani ya kuchimba msingi mwingine. Wa Eldoret hana sababu ya kupandisha sauti. Anayo Shoe4Africa, hospitali ya umma ya watoto iliyofunguliwa 2015 katika uwanja wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Sisi wa Kisumu tumegawanyika wenyewe kwa wenyewe. Wengi wanataka uwanja mpana nje ya jiji. Wachache, aghalabu madaktari, wanasema ijengwe palepale Jaramogi Oginga Odinga, hospitali ambayo wazee wetu hadi leo wanaiita Russia kwa sababu ya waliosaidia kuijenga, hata kama pamebanana.

Hao wachache wanaeleweka vibaya. Huambiwa ni wavivu wa kuhama, au wanalinda kliniki zao binafsi za jioni. Nitarudi kwa hizo kliniki, maana shutuma yenyewe si uongo mtupu.

Upande wa uwanja mpana una mantiki yake, tena nzito. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, hospitali za rufaa za kitaifa ni jukumu la Serikali Kuu, na nyingine zote ni za kaunti. Ikiitwa ya kitaifa, basi italipiwa na Mkenya wa kila pembe, na haiwezi kuwa mali ya jiji moja. Sensa ya 2019 ilipata watu milioni 11.3 katika kaunti 10 zilizokuwa mikoa ya Nyanza na Magharibi, dhidi ya milioni 4.4 wa Nairobi. Watu hao hawaishi Kondele, mtaa wa Kisumu iliko Jaramogi. Wako Kuria, Suba, Mlima Elgon, Budalang'i. Chukua mahali kama Ahero, ambapo barabara ya kutoka Kisii na Migori inakutana na ile ya Kericho na Nairobi: gari la wagonjwa halina haja ya kugusa msongamano wa jiji. Ardhi ni tambarare, mwanakandarasi hapigi nyundo kando ya dirisha la mgonjwa, na baada ya miaka 20 kuna mahali pa kuongeza jengo. Najua kuna mafuriko ya mto Nyando, ila tusiikimbie hoja kwa kujificha nyuma ya mto. Weka Awasi mahali pa Ahero, hoja inabaki ilivyo.

Wanaoishikilia hoja hii wana mfano wa kutisha wa kutuonyesha. Ireland ilipoamua kuunganisha hospitali zake za watoto za Dublin ziwe moja ya kitaifa, serikali ilichagua mwaka 2006 uwanja wa hospitali ya Mater, katikati ya mji. Mwaka 2012 mamlaka ya mipango ikakataa mchoro, jengo likionekana kubwa kupita kiasi kwa mtaa ule. Mwaka huohuo serikali ikahamia uwanja wa St James's, nao ukiwa ndani ya mji. Kundi la madaktari na wazazi likapaza sauti kwamba ijengwe Connolly, pembezoni, karibu na barabara ya mzunguko, ambako ardhi ni tele. Halikusikilizwa. Bajeti iliyopitishwa 2017 ilikuwa yuro milioni 983, na kufikia 2024 hesabu ilishapita bilioni 2.2. Mwaka 2025 ulianza kabla hospitali hiyo haijalaza mtoto hata mmoja. Ukitaka kumnyamazisha daktari anayetaka kujenga palipobanana, msomee aya hii.

Ila msomee mpaka mwisho. Connolly yenyewe ni hospitali ya watu wazima. Wapinzani wale hawakutaka shamba tupu. Walitaka hospitali ya watoto ibandikwe kwenye hospitali nyingine iliyo na nafasi, na ya kujifungulia ifuate papo hapo. Pande zote mbili za Dublin zilikubaliana juu ya jambo ambalo sisi huku hatujaanza hata kulijadili, yaani kwamba hospitali ya watoto haisimami peke yake. Walichogombania ni nani awe jirani yake.

Kisha kuna suala la maegesho, lililotawala mjadala ule. Mzazi wa Dublin anakuja na gari lake. Mzazi wa Ndhiwa anakuja na matatu, na matatu ya masafa haimalizii safari kwenye uwanja mpana. Inamalizia steji kuu ya Kisumu. Ukimjengea hospitali kando ya barabara kuu umemrahisishia ambulensi, na yeye umemwongezea gari la pili na bodaboda, mtoto akiwa mgongoni. Kondele, pamoja na kelele zake zote, inafikika kwa nauli ya mjini saa yoyote. Hoja ya kufikika, ambayo wa uwanja mpana wanaichukulia kuwa yao, kwa mtu asiye na gari inaelekea upande wa pili.

Sasa nije kwenye takwimu isiyonitoka kichwani. Mwaka 2021 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 264 za nchi 74 kuhusu watoto wanaozaliwa na kasoro za njia ya chakula. Tazama wale wanaozaliwa matumbo yakiwa nje, yametokea kwenye tundu kando ya kitovu. Katika nchi tajiri walikufa asilimia 1.4. Katika nchi za kipato cha kati, kundi la Kenya, asilimia 31.9. Katika nchi maskini, asilimia 90.

Kasoro ni ileile. Mtoto wa Boston na mtoto wa Bondo wanazaliwa na tundu moja, na hakuna dawa ya siri inayowatenganisha. Matumbo hufunikwa kwa mfuko safi, mtoto hutunzwa kwenye joto, hutiwa maji mshipani, viungo hurudishwa ndani polepole kwa siku kadhaa, na muda wote huo analishwa kupitia mshipa kwa sababu utumbo haujaanza kazi. Watafiti walipotafuta kilichomtenganisha aliyekufa na aliyepona walikuta mambo ya kawaida mno: mtoto alifika akiwa tayari na maambukizi katika damu, au mashine ya kupumulia haikuwepo ilipohitajika, au lishe ya mshipani haikupatikana. Theluthi nzima ya watoto inapotelea hapo. Na kumbuka hesabu hiyo ni ya waliofika hospitalini. Aliyekata roho njiani, au aliyefungwa kitambaa na kurudishwa nyumbani kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya, hayumo kabisa.

Mtu wa uwanja mpana ataidaka: si ndiyo hiyo, tatizo ni njia? Ni njia, lakini njia ipi? Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 82 ya watoto nchini huzaliwa katika kituo cha afya. Mtoto huyu basi, mara nyingi, hatoki nyumbani. Anatoka chumba cha kujifungulia, na safari inayomuua ni ya kutoka pale alipozaliwa hadi pale alipo mpasuaji wa watoto. Saa mbili au tatu ndani ya gari, matumbo nje, joto likipotea, dripu ikicheza kila penye tuta.

Na mama je? Kama alijifungua kwa upasuaji, amebaki kitandani na kidonda kibichi. Mtoto anasindikizwa na nyanya au shangazi, ambaye ndiye atakayeulizwa na daktari asiyemjua kama anakubali kisu. Maziwa ya kwanza yanakamuliwa na kumwagwa upande mmoja wa barabara, huku upande mwingine mtoto akihitaji tone lake la kwanza mara utumbo utakapoamka. Mama akiruhusiwa kwenda anakuta mtoto amepona bila yeye, au anakuta karatasi. Katika mjadala wetu wa ekari sijasikia mtu akimtaja mama huyu.

Madaktari wa watoto wachanga hupenda kusema ambulensi bora ya mtoto ni tumbo la mamake. Skani ya mimba ikionyesha kasoro mapema, mama anaweza kusafiri kutoka Migori kwa matatu, mtoto akiwa na joto, chakula na hewa visivyohitaji fundi wala umeme. Faida hiyo yote inategemea sharti moja, kwamba anakokwenda wapo mkunga, mpasuaji wa watoto na chumba cha watoto wachanga mahali pamoja. Ukiwatenganisha kwa kilomita 25 za Kisumu hadi Ahero, umemrudisha mtoto ndani ya gari.

Hii ndiyo hoja ya wale wachache. Jaramogi tayari inazalisha, ina wadi ya watoto wachanga, inafundisha madaktari wa Chuo Kikuu cha Maseno, na mwaka 2025 ilipandishwa hadi kiwango cha 6, cha rufaa ya kitaifa, kwa hiyo jina la kitaifa inalo. Kituo cha damu cha kanda kiko Kisumu, na katika eneo la malaria na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, damu ndiyo dawa inayoulizwa usiku kuliko zote. Wataalamu wa nusukaputi, wa picha, wa figo, ni wachache kiasi kwamba mmoja hugawanywa kati ya watu wazima na watoto siku hiyohiyo. Hapo ndipo zinapoingia kliniki za jioni. Ndiyo, daktari bingwa hapendi kuwa mbali na jiji, na sababu nyingine iko mfukoni. Lakini daktari aliye dakika 10 kutoka kwa mtoto kwa sababu ya tamaa bado yuko dakika 10 kutoka kwa mtoto. Uwanja mpana hautabadilisha tabia yake. Utabadilisha tu muda anaochukua kufika akipigiwa simu saa nane usiku.

Nakuru sitaikawia. Iko kama kilomita 160 kutoka Nairobi na hospitali zake za rufaa, na kwa mtoto wa Migori au Busia ni kumsogeza kidogo tu kutoka kule alikokuwa akipelekwa zamani.

Eldoret ndiyo pingamizi la kweli. Pale Moi, hospitali ya Riley ya mama na mtoto iko uwanja mmoja na Shoe4Africa. Yaani yale ninayoyapigania yameshafanyika, kilomita 120 hivi kutoka hapa. Kwa nini tusiongeze vitanda huko? Nimelitafakari swali hili nikakosa jibu la kulimaliza. Nilicho nacho ni ramani ya magonjwa. Lile saratani la taya lililoelezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi Uganda, linafuata ukanda wa malaria, na ukanda huo unalizunguka ziwa. Selimundu vilevile. Tiba ya saratani hii ni mizunguko ya dawa kwa miezi, na mzazi anayeishiwa nauli katikati huacha kuja, mtoto akiwa ameanza kupona. Hapa wa uwanja mpana wana haki ya kusema mbali ni gharama, nami naongezea kwamba nyumba ya wazazi kulala ina thamani kuliko maegesho yoyote. Bado, nikilazimishwa kuchagua kati ya Ahero na kupanua Eldoret, nachagua Eldoret, na wenzangu wa Kisumu wanisamehe.

Kujenga Jaramogi kuna bei yake, na wanaotetea hoja hii wasiifiche. Vumbi la ujenzi ni hatari kwa mtoto ambaye kinga yake imeshushwa na dawa za saratani. Barabara ya Kakamega itasongamana zaidi. Pengine italazimu kwenda juu kwa ghorofa, na ghorofa hudai lifti zinazofanya kazi, jambo ambalo hospitali zetu za umma hazijalizoea.

Kinachonitia hofu zaidi ni awamu. Dublin walichagua St James's kwa ahadi kwamba hospitali ya akina mama ya Coombe ingehamia hapo baadaye. Jengo la watoto likapanda, Coombe ikabaki ilipokuwa. Kwetu awamu ya pili tunaijua inavyoishia. Kwa hiyo ukiletwa mchoro, kabla ya kuulizia ekari ningetaka kujua ni mita ngapi kutoka kitanda cha kujifungulia hadi meza ya upasuaji wa mtoto, na kama kupanua wadi ya kujifungulia kumo kwenye zabuni ya kwanza. Kama kumeahirishwa, hata ikijengwa Russia kwenyewe mimi nitahamia upande wa Ahero. Huko angalau ambulensi itapata mahali pa kugeuzia.