Nilivyoanza Kuombea Msongamano wa Waiyaki Way

Mama mkwe alipanda kutoka Mombasa katikati ya Julai akiwa na leso mbili na sweta moja, tena sweta ya kuazima. Bintiye alikuwa amempigia simu kumwonya. Akajibu kwamba baridi si kitu, yeye amezoea upepo wa bahari. Upepo wa bahari! Mama, huku ni Uthiru, Nairobi, kando ya Waiyaki Way. Huku Julai ukungu unakaa juu ya mabati mpaka saa nne kama umelipa kodi.

Alikuja kwa ajili ya macho, na daktari wake yuko mjini, kwa hiyo kila alfajiri mimi ndiye dereva. Siku ya kwanza, nyuzi kama 11 hivi, mimi nimevaa jaketi juu ya jaketi, yeye kajifunga leso zote mbili, moja mpaka puani. Nikaona hapa ndipo mkwe anapopata heshima. Nikasema, "Mama, usijali, gari lina hita," nikazungusha kidude mpaka kwenye rangi nyekundu, feni namba nne. Ikavuma kama kinu cha kusaga mahindi. Mama akatoa mkono mmoja kwenye leso, akaweka kiganja penye tundu, akangoja. Tukapita Mountain View. Tukafika Kangemi. Akanigeukia kwa upole kabisa.

"Baba, hii ni hita, ama kuna mtu humu ndani anahema?"

Nilinyamaza mpaka Westlands.

Kilichonishangaza ni hiki. Pale Kangemi matatu zikiziba njia tukakwama dakika ishirini, ile pumzi ilianza kupata uhai, joto la chai iliyosahaulika mezani. Halafu njia ikafunguka, tukateremka kwa kasi, na baridi ikarudi na ndugu zake. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nikawa nimeelewa: gari likisimama tunapata uvuguvugu, likikimbia tunapata baridi ya Limuru. Nikajikuta mimi, mtu mzima, mlipa ushuru, nikiona barabara nyeupe mbele yangu nasikitika. Naomba lori liharibike. Naombea msongamano!

Nikaenda kwa fundi wangu. Ana benchi lake chini ya mti, na huchunguza gari bila kuligusa, kama mganga. Akasikiliza feni, akafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Mkubwa, gesi imeisha."

"Gesi ya nini?"

"Ya hita. Nipe elfu tatu na mia tano."

Kilichoniokoa ni kwamba kwenye simu nilikuwa na mia mbili. Baadaye nilijua gesi ni ya kile kipoza hewa, kazi yake ni kuleta baridi, yaani nilikuwa karibu kununua baridi nyingine juu ya hii niliyo nayo bure. Jirani naye, ambaye gari lake liko juu ya mawe tangu wakati wa korona, akatoa hukumu kwamba rejeta ndogo ya hita imeziba, ing'olewe dashibodi yote. Watu ambao magari yao hayatembei ndio wenye ushauri mwingi.

Aliyenisaidia ni mzee wa getini, huyu ambaye kila siku nampungia mkono tu. Kumbe aliendesha malori kutoka Mombasa hadi Malaba nusu ya maisha yake. "Washa injini," akasema, "twende tukampime mgonjwa joto." Akanieleza kwamba hita haina moto wake. Ni mkopaji. Maji yanayopoza injini ndiyo yanayopitishwa ndani ya ile rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, feni ikayapulizia hewa, ikakuletea joto la kuazima. Injini ikiwa haina joto, hita itakopa wapi?

Tukaendesha hadi barabarani tukarudi. Akainua boneti, akaniambia nishike paipu mbili zinazoingia nyuma upande wa dashibodi, taratibu, nisije nikaungua. Kuungua? Zote mbili zilikuwa vuguvugu, sawasawa, kama maji ya kumwogesha mtoto. Moja ingekuwa moto na nyingine baridi, akasema, hapo jirani yako angekuwa amesema kweli, pameziba. Maji yangekuwa yamepungua au yana hewa ndani, tungeliona kwenye rejeta. "Sasa niambie, mshale wa joto huwa unafika wapi?"

Mshale! Huo mshale haujainuka kutoka kitandani mwaka wa pili sasa. Mimi nilidhani ndiyo afya. Nilikuwa naonyesha watu: tazama, gari halipati joto hata kidogo.

Injini ilipopoa, mzee akafungua kile kikombe ambapo paipu kubwa ya rejeta inaungana na injini, akamulika kwa simu, akacheka mpaka akakohoa. Ndani hamna kitu. Thamostati, kale kamlango kanakozuia maji yasiende kupozwa kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, haipo.

Hapo nikakumbuka. Mwaka juzi nikipanda kutoka Mai Mahiu na magunia mawili ya viazi, gari lilichemka. Fundi wangu, huyo huyo wa gesi, akaitoa thamostati. "Hii ni ya nchi za baridi, mkubwa, huku Afrika haina kazi." Nikamlipa mia tano na chapati mbili kwa kuniibia hita. Na aibu zaidi, nilienda ofisini nikashauri watu watatu watoe zao.

Mzee alikishika kifuniko cha rejeta, mpira umekatika kabisa. Mwizi wa siku ile alikuwa huyu. Kifuniko kisipobana maji, huku kwetu juu yanachemka yakifika nyuzi 94 hivi. Lakini aliyefukuzwa kazi ni thamostati, na tangu hapo injini inakunywa petroli ya mtu mwenye homa ya baridi. Na mimi kila tarehe 14 bei zikitangazwa nagombana na redio.

Jumamosi nikashuka Kirinyaga Road. "Orijino au ya kawaida?" Shilingi 1,800 ya orijino, imepigwa chapa 82, yaani nyuzi inazofungukia, na kifuniko kipya cha rejeta juu yake. Mzee alisema niipime kwanza, basi nikaiweka kwenye sufuria ya maji jikoni. Unaangalia, haifanyi kitu, haifanyi kitu, halafu ile nta iliyo ndani inayeyuka, na kile kijicho cha shaba kinafunguka polepole kama cha paka aliyeamshwa. Mke wangu akaingia. "Unapika nini?"

"Thamostati."

Mama mkwe, bila kutoa kichwa kwenye blanketi: "Tia chumvi."

Tukaifunga, katundu kake kadogo kakiangalia juu ili hewa itoke, tukajaza kulanti, yale maji ya kupoza injini, kifuniko wazi, hita kwenye nyekundu, mapovu yakatoka hadi yakaisha. Mshale ukapanda hadi katikati. Nilitaka kuzima gari kwa hofu, mzee akanipiga mkono.

Jumatatu alfajiri nilikuwa nampeleka mama Syokimau, kwenye treni ya asubuhi. Giza, ukungu, barabara nyeupe kabisa, na hita ikatoa joto, joto lenyewe, la kukausha nguo. Tulipofika Westlands alikuwa ametoa leso ya kichwa. Bellevue, ametoa ya pili, sweta iko mapajani, na anajipepea kwa tiketi.

"Baba, zima. Mombasa ndiko niendako, sihitaji kuonjeshwa njiani."