Marahaba ya Kwenye Spika

Nilijitakia mwenyewe. Nilisoma habari za Christina Kubisch, msanii wa sauti Mjerumani ambaye tangu mwaka 2004 anawatembeza watu mijini wakiwa na hedifoni zenye koili, yaani waya uliozungushwa raundi nyingi unaodaka sumaku ya umeme, wasikie umeme unavyoimba kwenye mashine za kutolea pesa na milango ya kunasa wezi madukani. Nikasema hata uani kwetu Kinondoni inawezekana.

Nikavua waya wa kopa kwenye transfoma ya redio mbovu, nikauzungushia msumari raundi kama mia tano (hesabu ilinipotea mara mbili, mke wangu akiniita kula), nikauunga na waya wa maiki, nikachomeka kwenye spika ya kuchaji. Ee bwana! Friji ilinguruma mmmmm kama mzee anayesubiri wajukuu watulie. Chaja ya elfu tatu ikalia kama nyenje aliyekanyagwa.

Jumamosi saa moja jioni nikaalika wapangaji wenzangu. Friji, feni, televisheni na chaja sita, zote kwenye ekstensheni moja. Bibi wa chumba cha tatu alikuja na mkeka na swali: "Chakula kipo?" Mjomba wangu akakaa mbele kabisa, kanzu imenyooka.

Nikakohoa kidogo. "Ndugu zangu, umeme una sauti."

Umeme ukakatika.

Spika ina chaji, koili ninayo mkononi, cha kusikiliza hakuna. Ni mbu tu, na mbu hanasi kwenye koili.

Mara: ti-ti-ti, ti-ti-ti, trrrr. "Simu inaingia!" wakaitika wote kwa pamoja. Nani asiyeujua mlio huo, tangu enzi za kuweka simu juu ya redio? Nikafufuka. Nikaanza kueleza kwamba kiswaswadu hakitumi mawimbi mfululizo, hutuma vipande vipande, mara 217 hivi kwa sekunde, na ndiyo maana... Simu ikaita. Mama mwenye nyumba.

Mkono mmoja ulishika tochi, kwa hiyo nikapokea kwa ule wenye koili. Nikanong'ona, "Shikamoo mama."

"MARAHABA!" Uani kote. Watoto wawili wenye adabu wakaamkia upya.

Nilisahau jambo moja dogo: kispika cha simu kina koili na sumaku yake, na koili ikikaa jirani na mwenzake inadaka kila neno. Zamani koili za namna hii ziliuzwa kwa kazi hiyohiyo, kurekodi simu.

"Kodi yangu miezi miwili iko wapi?"

Nikahamishia simu sikio la pili. Koili nayo ikahama, waya umeninasa kidoleni.

"Mwezi wa tatu uliniambia umefiwa na mjomba. Mwezi wa nne mjomba. Una wajomba wangapi wewe?"

Nikamulika mbele bila kukusudia. Mjomba ameshika kikombe, hanywi.

"Hapo sasa naielewa," akasema Bibi. "Ongeza sauti."

Mjomba akanyoosha mkono taratibu. "Nipe hiyo simu. Mwambie marehemu anataka kumsalimia."