Mbona mama mwenyewe hamumuulizi?

Jumamosi iliyopita tulikuwa na kikao cha ndugu wa wakazi pale nyumba ya wazee anakokaa mama, na mpaka sasa hasira haijaniisha. Alikuja dada mmoja mtafiti, mpole tu, akaeleza vizuri kabisa kwamba wanatafuta watu wa kujitolea kwenye utafiti wa wazee wanaoanguka usiku, mzee anavaa kifaa kidogo kiunoni wiki kadhaa, wahudumu na sisi ndugu tunajaza maswali, basi. Hajamaliza hata, kaka mmoja kasimama, "mama yangu siyo panya wa maabara", na watu wakapiga makofi. Makofi jamani. Na huyo mama yake yupo hapo hapo ubavuni kwake, kwenye kiti cha magurudumu, akili timamu, anasikia kila neno, hakuna hata mmoja aliyemgeukia. Watu walipoanza kutoka, huyo mama akanishika mkono akaniuliza kile kifaa kinavaliwa juu ya nguo au ndani, maana yeye usiku akienda chooni ndiyo anaogopa.

Hicho ndicho kinachoniuma. Sio kwamba kaka kakataa, kukataa ni haki ya mtu, ila kamkatalia mwenzie aliyekuwepo.

Na naongea kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe nilishafanya hivyo. Miaka miwili nyuma walikuja na utafiti mwingine, wa chakula, nikapigiwa simu nikiwa na haraka zangu nikasema hapana mama amechoka msimsumbue. Mama akaja kusikia kwa jirani yake wa chumbani. Akaniambia, "Mwanangu, nimefundisha darasani miaka thelathini, leo nimepata swali la kujibu na wewe umenijibia?" Sikuwa na la kusema. Maana ukikaa kwenye zile nyumba siku nzima utaona, mzee anaambiwa muda wa kuamka, muda wa kuoga, muda wa kula, anaambiwa anaambiwa, halafu anatokea mtu mmoja na karatasi kusudi amuulize yeye anaonaje, na mtu huyo tunamfukuza sisi watoto, tunasema tunamlinda mzee. Tunamlinda na nini? Na kuulizwa?

Tafiti nyingi za dawa zimewaacha nje wazee wenye magonjwa mengi, halafu wanaomeza hizo dawa kila siku ni haohao. Mama alipoanguka mwaka jana iliandikwa kwenye daftari, tarehe, saa, "ameanguka akienda msalani", daftari likafungwa. Nani amewahi kuzijumlisha hizo kurasa aone wanaanguka saa ngapi, baada ya dawa gani, taa ikiwa imezimwa au inawaka? Hiyo ndiyo kazi aliyokuja kuifanya yule dada.

Na yapo matokeo. Boston, mwaka 1994, walitoa matokeo ya wakazi 100 wa nyumba ya wazee, wastani wa umri miaka 87, wengine walipewa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa wiki 10, na nguvu za misuli za waliofanya mazoezi zikazidi mara mbili. Miaka 87! Kabla ya hapo wengi waliona mtu wa umri huo ni wa kukalishwa tu. Australia nako, nyumba 60, wazee zaidi ya 7,000, nusu ya zile nyumba wakaongezewa maziwa, mtindi na jibini kwenye milo ya kawaida, miaka miwili, matokeo yakatoka 2021: kuvunjika mifupa kukapungua kwa asilimia 33. Maziwa tu jamani. Ila bila hao wazee kufuatiliwa, leo tusingejua.

Haya, nakubali, woga haukutoka hewani. Mwaka 1963 huko Brooklyn, New York, wagonjwa 22 wa hospitali ya magonjwa ya kudumu, wengi wao watu wazima na wadhaifu, walidungwa chembe hai za saratani bila kuambiwa ni kitu gani. Unyama ule siutetei. Ila angalia kosa lilikuwa wapi, hawakuulizwa kwa ukweli! Siku hizi kuna kamati ya maadili ya utafiti, kuna fomu ya ridhaa, unajitoa muda wowote bila kutoa sababu na huduma yako haiguswi. Asiyekupa hayo kwa maandishi, huyo mfukuze, nitakusaidia.

Mwenye demensia, yaani aliyepungukiwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, je? Uingereza sheria yao ya 2005 imeliweka vizuri, mtafiti lazima amtafute mtu wa karibu, na huyo ndugu haulizwi yeye anataka nini, anaulizwa mzee mwenyewe angetaka nini akili yake ingekuwa sawa. Na mzee akionyesha tu kwamba hataki, akivuta mkono, akikivua kile kifaa, anatolewa. Swali hilo ni gumu, linakulazimisha umkumbuke mzazi wako alivyokuwa, mkaidi, mdadisi, mtoaji, na wewe ujibu kwa sauti yake.

Wahudumu nao wasibebeshwe makaratasi juu ya zamu iliyokwisha wachosha, wapewe saa za kazi hiyo.

Fomu yangu ya ndugu nimeshaijaza, kurasa nne, jioni moja imeisha. Ya mama ninayo kwenye begi. Jumamosi namsomea ukurasa kwa ukurasa, kwa sauti, miwani yake siku hizi haimsaidii sana, akitaka kusaini anasaini, akisema hapana namrudishia yule dada ikiwa tupu. Na nimemwomba matroni anikalishe karibu na yule mama wa kiti cha magurudumu.