Leseni Inayokufa na Madabodi

Fundi akitoa hadidiski kwenye kompyuta iliyokufa na kuichomeka kwenye nyingine, Windows mara nyingi inawaka vizuri tu, na mafaili yote yapo. Mabishano huanza baadaye, pale maandishi ya kijivu yanapojitokeza chini kulia kudai Windows iaktivetiwe, yaani ithibitishwe kuwa ina leseni halali. Mwenye mali anaona amedhulumiwa kitu alichokwisha kukilipia. Wajuzi wa mtandaoni wanamwambia yeye ndiye mwizi.

Wajuzi hao wana hoja. Leseni ya OEM, ile inayokuja na kompyuta kutoka kiwandani, ni ya mashine na si ya diski. Tangu Windows 8 ya 2012, viwanda vimekuwa vikiuandika ufunguo wake ndani ya chipu ya madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Kiwanda huipata kwa bei nafuu kwa sababu haihami. Anayetaka ya kuhama, ipo ya dukani, na Microsoft yenyewe, inayoitengeneza Windows, inaruhusu ihamishwe mradi iondolewe kwenye mashine ya kwanza. Bila mpaka huo diski moja ingenakiliwa ikaenea Mlandege nzima hapa Unguja. Tena mashine mpya ikiwa na leseni yake ya toleo lile lile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, diski iliyohamishwa mara nyingi hujiaktiveti yenyewe ikipata intaneti.

Hapo ndipo wengi hufunga mjadala, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Leseni imefungwa kwenye kifaa ambacho kwetu ndicho hutangulia kufa. Mtembelee fundi yeyote wa Darajani akufungulie laptopu iliyokaa miaka michache kwenye nyumba inayopigwa na upepo wa bahari: pini zimeota kutu ya kijani, chumvi imeganda pembeni mwa soketi ya chaji. Ongeza umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. (Waliokuwa Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme unaoletwa na kebo ya baharini ulipokatika, wanajua jenereta zenye umeme usiotulia zilivyoviharibu vifaa vyao.) Diski inatoka nzima. Madabodi ndiyo inayozikwa, na leseni inazikwa nayo.

Microsoft imeweka mwanya: madabodi mbovu ikibadilishwa na kiwanda kwa utaratibu wa garantii, leseni inaendelea. Lakini laptopu ya mtumba iliyotoka Dubai ina garantii ya nani? Fundi anatoa madabodi kwenye mzoga wa laptopu nyingine, na madabodi hiyo inakuja na ufunguo wa Home wakati diski ya mteja ina Pro. Mteja hakuiba chochote, lakini Windows inamkataa.

Na akikataliwa, anafanya nini? Windows 11 Home kwa bei ya Microsoft ni dola 139, zaidi ya shilingi laki 3, fedha inayokaribia kununua laptopu nzima ya mtumba. Basi fundi anapiga kraki, programu ya kuidanganya Windows ionekane ina leseni. Kraki nyingi hutaka kwanza uzime ulinzi wa virusi, na baadhi hujifanya seva ya leseni ya ofisi kubwa, ambayo aktivesheni yake hudumu siku 180, kwa hiyo programu isiyojulikana hubaki ndani ikiihuisha mwaka mzima. Hiyo ndiyo mashine inayotunza matokeo ya wanafunzi wa skuli au hesabu za duka. Kanuni iliyowekwa kuzuia wizi imemsukuma mnunuzi halali kwenye kraki. Sijaona anayeieleza hasara hii kwa uzito wake. Wapo wanaouliza kama kupiga kraki ni halali au haramu, na ni swali la haki, ila lingeulizwa pande zote mbili, kwa mteja na kwa Microsoft.

Wala si lazima iwe hivi. Mwaka 2000 Mahakama ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua kwamba kopi ya OEM iliyokwisha kuuzwa kihalali inaweza kuuzwa tena bila kompyuta yake, ingawa Microsoft ilipinga. Kumruhusu mwenye madabodi iliyokufa ahamishe leseni yake mara moja tu kusingeiangusha kampuni hiyo.

Kwa sasa, anayenunua mtumba ili aweke diski ya ofisi ndani yake afungue mipangilio pale pale dukani, sehemu ya aktivesheni, kabla ya kutoa pesa. Ikiandikwa Home na diski yake ni Pro, ama apunguziwe bei ama atafute nyingine.