Bakuli Chini ya Kitanda cha Mkwe

Januari, mvua za Tabora zimekolea, nilifika ukweni nikiwa bingwa wa uyoga. Ubingwa wenyewe niliupata kwenye basi, kwa kutazama video tatu za simu.

Kesho yake mama mkwe akatuingiza kwenye miombo. Yeye akiinama mara moja, kikapu kinapanda. Aliokota ule wa njano unaoota karibu na mizizi ya miombo, maana mti na uyoga wanalishana huko chini. "Wakiukata mti wakaushie tumbaku, na uyoga umekwenda," akasema. Kwenye kichuguu akachimba ule wenye ncha katikati ya kofia, shina lake refu limezama hadi kwenye shamba la mchwa. Ndiyo, mchwa wanalima, na wanatushinda wengi wetu.

Mimi nikapata wangu wakati wa kurudi, kwenye nyasi za uwanja wa mpira: mpana kama sahani ya pilau, mweupe, magamba ya kahawia juu, pete shingoni.

"Mama, huu je?"

"Huo hauna kichuguu, baba. Uache."

Bingwa haachi. Nikauficha ndani ya koti. Usiku nikafanya kipimo nilichojifunza: kata shina, laza kofia kifudifudi kwenye karatasi nyeupe, funika na bakuli mpaka asubuhi, utaona rangi ya vumbi lake, yaani spora, mbegu zake. Wa kichuguuni hutoa vumbi la waridi. Ukitoa la kijani, ndio ule wa kukutapisha na kukuharisha ndani ya saa chache.

Karatasi niliyokuwa nayo ni orodha ya michango ya harusi ya shemeji, maana mimi ndiye niliyepewa kutunza hela. Nikakusudia kutumia upande wa nyuma usioandikwa. Umeme ulikuwa umekatika. Nikasukuma kila kitu chini ya kitanda, nikalala.

Alfajiri niko bafuni, mtoto akaingia kufagia. Nikasikia fagio limeanguka, kisha, "Bibi! Njoo uone!"

Nilipotoka na taulo begani, ukoo mzima uko uani. Bakuli limefunuliwa. Upande nilioutumia ni ule wenye majina, na juu ya majina ya wakwe zangu kuna duara la kijani lenye miale kama jua. Katikati, palipokuwa na shina, pamebaki peupe, na hapo limekaa jina moja tu: baba mdogo, aliyeahidi laki tatu tangu Oktoba.

"Ndiyo maana tumbo limeninyonga usiku kucha!" akasema baba mdogo, akirudi nyuma.

"Si hivyo, baba! Ni spora!"

"Spora ni nani?"

Mama mkwe akainama, akageuza ile kofia, akaona matamvua yake yameanza ukijani. "Si ni ule niliomwambia auache?" Akakaa chini kabisa, kanga mdomoni, mabega yanatikisika.

Baba mdogo hakusubiri maelezo. Kabla ya saa sita alileta laki tatu zote, akazihesabu akiwa mlangoni, hakuvuka kizingiti, akaniomba nifute jina lake huku anaona.

Jioni shemeji akanivuta pembeni. Ananiuliza kama ule uyoga umebaki hata kipande, kuna wajomba wawili bado hawajatoa.