Kadi ya Mama Ilifika Idi Nyingine

Mwaka jana, Ramadhani inakaribia, niliingia asubuhi chumbani kwa bibi mmoja ninayemhudumia kazini hapa Leicester. Alikuwa anatimiza miaka 91. Nikakuta kadi kama kumi zimesimamishwa dirishani, akaniomba nimsomee moja moja. Moja ilikuwa na picha ya watoto watatu wako ufukweni na kofia zao, vitukuu vyake walioko Australia. Nikashangaa imefikaje siku hiyohiyo ya kuzaliwa, mwenzangu wa shifti akanieleza kwamba mjukuu kule kashika simu tu, kachagua kadi mtandaoni, kaweka picha, kaandika maneno yake, kalipa, na kadi imechapwa hapahapa Uingereza ikatiwa stempu ikaletwa mlangoni, yaani haikupanda hata ndege. Bibi akaisogeza karibu na macho akapitisha kidole kwenye uso wa yule mtoto mdogo kabisa. Mi nikageukia pazia maana machozi yalikuwa yananilenga, nimemkumbuka mama yangu Tanga.

Usiku uleule nikakaa na simu. Nikachagua kadi ina mwezi na nyota, nikaweka picha ya wanangu wamevaa kanzu, nikaandika Kiswahili changu vizuri, nikafika kwenye anwani nikakwama. Wanataka namba ya nyumba, mtaa, jimbo, postikodi. Nikaandika S.L.P., fomu ikakataa. Nikahangaika mpaka saa saba za usiku, mwishowe nikapata huduma nyingine iliyokubali, nikaweka sanduku la mjomba ambalo ukoo mzima tunalitumia, na ufunguo anao mjomba na mjomba mpaka apate safari ya mjini. Kadi ya Idi el Fitri ikamfikia mama wiki ya Idi el Haji.

Sasa nawajua ndugu zangu. Kuna atakayesema huyu kaenda Ulaya juzi ameshaanza uzungu, mama anataka hela ya dawa yeye analeta habari za makaratasi. Hela natuma, kila mwezi, na sihitaji kumwonyesha mtu risiti. Lakini hela inaingia kwenye simu, inalia mlio, inatolewa kwa wakala, inakwisha kabla ya wiki, na ile meseji mama hata hajui kuisoma. Hakuna mahali mama anaweza kuweka kidole akasema hii mwanangu kaniandikia mimi.

Na mwingine atasema WhatsApp ipo. Ipo, naitumia. Ila wewe niambie ukweli, ile picha ya waridi linalometameta imeandikwa Eid Mubarak, umeipata asubuhi kwenye magrupu sita na imeshafowadiwa mara nyingi mpaka WhatsApp yenyewe inakuonya, hiyo kweli ni salamu yako kwa mzazi?

Na msiniambie kadi ni mambo ya wazungu. Kuanza walianza wao, sikatai, Mwingereza mmoja, Henry Cole, alichapisha kadi 1,000 za Krismasi London mwaka 1843 akauza shilingi moja moja, na hapo tayari tangu 1840 barua ilikuwa inakwenda nchi nzima kwa peni moja. Posta ya bei nafuu ilitangulia, kadi ikafuata. Lakini sisi ndio watu wa salamu jamani! Nani hakumbuki kadi za salamu za Radio Tanzania, unanunua kadi, unajaza jina lako na S.L.P. yako, unaorodhesha unaowasalimu, halafu unakaa na redio wiki nzima usikie jina likitajwa. Na sebuleni kwetu Idi ikifika baba alikuwa anafunga uzi toka msumari wa saa mpaka dirishani, kadi zinaning'inia, zile za Mombasa na Unguja zina ungaunga wa kumeta unakushika vidoleni mpaka jioni. Tuliyajua haya.

Kinachoniuma ni kwamba tumejua tukaacha, na anwani tunayo. 2022 tuliwekewa vibao vya mitaa na namba za nyumba, postikodi za tarakimu tano zipo, nyumba ya mama ina namba yake. Mimi sijawahi kusikia mtu amebisha hodi pale na barua mkononi. Kibao kipo kinaloa mvua. Hapa postikodi yangu ni nyumba chache tu za mtaa wetu, mtu akiiandika sawasawa kadi inadondoka ndani hata kama nimelala. Hili nikilisema naambiwa naidharau nchi yangu. Siidharau, naidai.

Maana akili tunazo. Mwaka huu sikwenda kwenye huduma yoyote ya huku. Nimetengeneza kadi mwenyewe kwenye simu, nikaituma kwa mpwa wangu, akaipeleka steshenari pale mjini, wakaichapa kwa rangi kwenye karatasi ngumu, shilingi elfu moja na mia tano. Akampa kijana wa bodaboda. Boda hakuuliza postikodi, kaambiwa nyumba yenye mkungu nyuma ya msikiti, geti la kijani, muulize yeyote. Saa moja na nusu tangu nimtumie mpwa, mama anayo mkononi! Hakuna huduma hapa Leicester itakayonifanyia hivyo, na nilijisikia fahari ambayo sijaisikia siku nyingi. Halafu nikawaza, kama kijana wa boda anaweza, kwa nini huu usiwe utaratibu wa kila mtu, mpaka uwe na mpwa na namba ya boda?

Mama alipiga simu baada ya Isha. Ameipeleka kadi ikafanyiwa laminesheni, ameitundika pembeni ya kalenda ya msikiti. Majirani wamekuja kuiangalia na sasa nao wanataka kutajwa humo. Akasema nichukue kalamu, akaanza kunisomea, mama wa duka, fundi cherehani, ustadhi wa madrasa, shangazi wa Pangani, bado anaendelea. Majina kumi na manne, na maandishi yawe makubwa kidogo, macho yake siku hizi si mazuri.